Siku Mbili za Mama Shuka

Kile kitabu nilikileta mimi. Naanza na hilo ili asije akalisema mtu mwingine.

Nilikinunua siku yangu ya mapumziko, mezani kwa muuza vitabu wa pembeni mwa posta, kwa kuwa kila mtu alikuwa anakizungumzia na mimi sipendi kupitwa. Kinaitwa Mwaka wa Chokaa. Ni historia ya kipindupindu kilichoupiga mji wetu miaka arobaini na miwili iliyopita, kikaondoka na watu mia sita na zaidi. Mwandishi wake alikuwa mtangazaji wa redio kabla hajastaafu, na anaandika kama alivyokuwa akitangaza: ukishaanza kumsikiliza, chai inakupoa mkononi.

Sisi ni watu wa chumba cha kufulia hospitalini. Tuna mashine nne za kufua, mbili za kukausha, na ile kubwa ya kunyooshea mashuka, yenye roli mbili za moto. Mashuka ya wodi zote yanakuja kwetu. Yanakuja na nini, sitasema, maana huenda unasoma huku unakula. Kazi hii ina vicheko vingi. Asiyeweza kucheka humaliza mwezi mmoja akaaga.

Basi kitabu kikazunguka. Mzee wa stoo aliandika orodha ya foleni ukutani kwa penseli, kila mtu siku kumi, na atakayekimwagia chai anafukuzwa kwenye foleni milele. Lakini kabla hata hakijafika kwa watu watatu, sote tulikuwa tumeshamjua Mama Shuka.

Mama Shuka yuko sura ya nne. Mwandishi anasimulia kwamba ugonjwa uliingia mjini na msafiri mmoja aliyelala gesti, chumba namba sita, akafa siku ya pili yake. Mashuka yake akapewa mwanamke dobi, ambaye taarifa ya bwana afya wa wakati ule haikumtaja jina. Huyo dobi, “kwa uvivu au kwa ujinga, hatutajua kamwe,” badala ya kuyapeleka mtoni akayafulia juu ya sakafu ya kisima cha mtaa. Sakafu ilikuwa na ufa. Wiki moja baadaye mtaa mzima ulikuwa unazika. Kwa kuwa hakuwa na jina, mwandishi akamtunga moja: Mama Shuka.

Jina likashika kama moto wa nyasi. Ukiacha ndoo ya nguo chafu mlangoni unasikia, “Mama Shuka kapita hapa!” Wauguzi nao wakalidaka, asiyenawa mikono ni Mama Shuka. Pale chumbani aliyelitamka mara nyingi kuliko wote ni mimi. Nina sauti kubwa, na mashine zina kelele.

Zamu ya tano ilikuwa ya Dada Pasi.

Dada Pasi ndiye aliyesimamia mashine ya kunyoosha. Alikuwa na miaka hamsini, mwembamba, mikono imejaa alama za kuungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, zimepangana kama mistari ya daftari. Jina lake la cheti tulikuwa tumelisahau. Hakuwa msemaji; akicheka, alicheka kwa mabega. Mumewe aliondoka zamani, “kwa miguu yake, mzima wa afya,” kama alivyopenda kusema mwenyewe. Watoto hakujaliwa. Aliishi na mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na minne, ambaye presha ya macho ilikuwa imempofusha.

Kila alipotoka kazini mchana, alimpa mama chakula, kisha akamsomea. Alimsomea chochote chenye herufi: magazeti ya wiki iliyopita, barua za mtu wa umeme, hata karatasi za ndani ya pakiti za dawa. Mama alipenda zaidi habari za mahakamani. Alikuwa akikatiza katikati na kutoa hukumu yake kabla ya hakimu.

Kuna jambo moja Dada Pasi hakuwa amelielewa maisha yake yote. Siku alipopata ajira ya hospitali, miaka ishirini na sita nyuma, alikimbia nyumbani na barua mkononi. Mama, ambaye wakati ule alikuwa akifagia shule ya msingi, alimsikiliza mpaka mwisho. Alipofikia neno “mashuka” mama akanyanyuka, akaingia chumbani kwake, na hakumsemesha siku tatu. Siku ya nne akamwambia, “Haya, nenda. Lakini uwe unanawa,” na yakaishia hapo.

Dada Pasi alikibeba kitabu nyumbani akiwa amekifunika kwa gazeti. Mama alipoambiwa ni historia ya kipindupindu cha mjini, alisema, “Soma tuone wameandika nini.” Baba yake Dada Pasi, fundi baiskeli, alikufa katika ugonjwa ule. Hilo lilijulikana nyumbani. Halikuwa na maelezo, lilikuwa kama ukuta. Mtu hauulizi ukuta.

Sura tatu za mwanzo zilikwenda vizuri. Mama alisahihisha majina ya mitaa, akacheka kidogo mwandishi alipoeleza meya alivyojifungia nyumbani na magunia ya ndimu. Sura ya nne ilianza Jumanne. Dada Pasi alisoma habari za gesti, akasoma chumba namba sita. Aliona mama ameacha kutikisa mguu. Akaendelea. Alipofika penye “kwa uvivu au kwa ujinga,” mama akanyoosha mkono hewani.

“Rudia hapo.”

Akarudia.

“Tena.”

“Mama, kuna nini?”

“Rudia, mwanangu.”

Akarudia mara ya tatu. Kisha akataka kumchangamsha, akamwambia kwamba huyo Mama Shuka amekuwa maarufu mjini, kwamba hata kazini watu wanataniana naye kutwa. Akanitaja na mimi, na sauti yangu.

Mama akauliza, “Wanacheka?”

“Wanacheka, mama.”

“Basi mwambie huyo mwenye sauti kubwa kwamba Mama Shuka yuko hapa, anakula mkate wa jana.”

Dada Pasi aliniambia kwamba kwanza alidhani ni mzaha. Mama yake alikuwa na mizaha ya namna hiyo, ya uso mkavu. Lakini mama alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya ngazi.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Alasiri ile mama alisimulia mambo ambayo hakuwahi kumwambia binadamu mwingine isipokuwa mmoja, na huyo alishakufa. Nayasema kama nilivyoyapokea.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alifulia gesti ile mara mbili kwa wiki. Jumapili asubuhi meneja alimwita mlango wa nyuma, akampa furushi limefungwa ndani ya pazia. Alimwambia mgeni amelewa, ametapika, na ameshaondoka alfajiri. Akamwambia asifulie pale uani, wageni wangesikia harufu. Mtoni njia ilikuwa imeharibiwa na mvua. Na kisimani kila mwanamke wa mtaa alikuwa anafulia, siku zote, hata nepi. Alifungua furushi akaona yale mashuka yameloa maji meupe-meupe kama maji yaliyooshewa mchele, na harufu yake haikuwa ya pombe. Harufu ya samaki, alisema. Akafua, akasuuza, akaanika. Yakatoka meupe pe. Alijisifu moyoni.

Jumatano aliitwa kwa jirani, mzee mmoja fundi cherehani aliyekuwa akiishi peke yake. Ameshikwa na tumbo tangu usiku. Aliingia kumsaidia, akainua blanketi.

“Nikayaona yale yale,” mama alisema. “Yale yale, mwanangu. Na ile harufu. Nikasimama pale na blanketi mkononi, nikajua. Sikuhitaji daktari kunieleza.”

“Ukafanya nini?”

“Nikarudi nyumbani nikamwaga maji yote ya mtungini. Nikachukua ndoo nikaenda bomba la mbali, lile la stesheni, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Nikakuchotea wewe. Nikakwambia usinywe mengine popote, ukinywa nitakuchapa. Hukumbuki?”

Dada Pasi alikumbuka kuchapwa. Alikuwa na miaka minane. Alichapwa kwa sababu alikubali kikombe kwa jirani, na mama akakipiga kile kikombe kikaruka. Hakuwahi kujua sababu.

“Na baba?”

“Baba yako nilimwambia tuache kisima, maji yake siku hizi yananuka matope. Akanicheka. Akasema, kisima kipo mlangoni unakikimbia, wewe umeota mbawa? Meza yake ya kazi ilikuwa hatua kumi kutoka kisimani. Jua kali. Alikunywa huko huko.”

“Hukumwambia kwa nini?”

“Sikumwambia mtu.”

Alinyamaza Jumatano yote. Alinyamaza Alhamisi. Kila alipotaka kufungua mdomo aliona mawe. Aliona watu wa mtaa, ambao alikuwa anakopeshana nao chumvi, wameshika mawe. Alijiambia labda kosa si lake. Labda ni chakula. Labda yataishia kwa mzee yule. Alijiambia kesho. Na mbele ya macho yake, asubuhi na jioni, wanawake walikuja na ndoo zao, wakamsalimia, wakachota.

Mumewe alianza kuharisha Alhamisi mchana. Ijumaa kabla jua halijachomoza alikuwa amekwisha. Mama akamfunika, akamwacha mtoto kwa dada yake ng’ambo ya reli, akaenda zahanati kwa miguu. Bwana afya alikuwa amekaa na ramani mezani, hajui aanzie wapi. Akamwambia: ni kisima, na ni mimi. Saa sita mchana kisima kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo na kufuli.

“Kwa hiyo wewe ndiye uliyesema!” Dada Pasi aliruka. “Mama! Humu wameandika bwana afya aligundua mwenyewe, kwa akili yake, kwa kupita nyumba hadi nyumba. Sura nzima wanamsifu. Kumbe ni wewe!”

“Nilisema Ijumaa,” mama alijibu. “Nilijua Jumatano.”

Kesho yake Dada Pasi alikuja kazini macho yamevimba. Nilimuuliza kitabu anakionaje. Aliniangalia kwa muda mrefu, mashine ikiwa inazunguka tupu, shuka limekwishapita. Akasema, “Kina makosa.” Nikamtania: basi kamwone mwandishi akurudishie hela! Akasema, “Nitakwenda.” Nami nikacheka.

Alikwenda kweli, Jumamosi, bila kumuaga mama. Nyuma ya kitabu kulikuwa na namba ya simu, na mwandishi alikuwa mtu wa kupenda wasomaji wake. Alimkaribisha kwenye chumba chenye mafaili hadi kwenye dari, akamkalisha, akamwandalia kahawa kwa mkono wake. Dada Pasi hakugusa kahawa. Akamwambia moja kwa moja: yule dobi alikwenda mwenyewe zahanati. Bwana afya hakugundua kitu, aliambiwa.

Alitarajia mzee atabisha, atataka ushahidi. Mzee alishusha miwani, akaipangusa kwa shati. Kisha akanyanyuka, akavuta faili moja kutoka chini kabisa. Ndani yake mlikuwa na nakala ya daftari la bwana afya, lile la mfukoni, siyo ile taarifa rasmi. Akalifungua bila kutafuta ukurasa. Alikuwa anaujua.

Dada Pasi akasoma mwandiko wa penseli: *Ijumaa, saa nne. Dobi kaja mwenyewe, analia, mumewe hajazikwa. Kasema ni kisima. Kasema alijua tangu juzi. Sijaandika jina lake, watamuua.*

“Ulikuwa nayo,” alisema.

“Nilikuwa nayo.”

“Mbona hukuiweka?”

Mzee alijikuna shingo. Dada Pasi anasema hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. “Mama, kitabu nacho kina mwendo wake,” alisema. “Msomaji anataka mtu wa kumshangilia na mtu wa kumlaani. Nikiliweka hili hapa, wote wawili wanaharibika. Bwana afya anakuwa karani tu. Na yule mwanamke… sijui anakuwa nini. Nilikaa na ukurasa huu wiki mbili. Mwishowe nikaurudisha kwenye faili.”

“Kwa hiyo ukamwita mvivu au mjinga.”

“Niliandika ‘hatutajua.’”

“Na ulikuwa unajua.”

Mzee alilifunga faili. Baadaye aliuliza kama yule mwanamke yu hai, na macho yake yakang’aa kidogo, yale macho ya kazi yake ya zamani. Kama yu hai angependa kumrekodi. Angekuja mwenyewe na mashine. Watu wangependa kumsikia. Kisha akamuuliza, “Na wewe ni nani yake?”

“Mimi ninanyoosha mashuka hospitalini,” Dada Pasi akamjibu, akanyanyuka. Mlangoni mzee alimuahidi kwamba toleo la pili likichapwa atalirekebisha. Akampa na nakala ya ule ukurasa.

Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeshinda kesi. Akamkalisha mama, akamsomea mistari ile ya penseli. Alidhani mama atafarijika kwamba miaka yote hiyo kulikuwa na karatasi mahali inayosema alikwenda mwenyewe.

Mama aliguswa na sentensi moja tu. “‘Sijaandika jina lake,’” alirudia polepole. “Yule bwana aliniambia hama leo leo. Sikujua kama alinificha hata kwenye daftari.” Halafu akauliza, “Humo kitabuni, yule mwenye mapacha wamemtaja?”

Wamemtaja. Sura ya tano, mwandishi anamhoji mwanamke aliyepoteza mapacha wake, wa kike na wa kiume, miaka mitatu na nusu, ndani ya saa chache. Anaeleza kwamba mwanamke huyo hajawahi kuhama. Anakaa nyumba ile ile, mlango unaotazama pale kilipokuwa kisima, ambapo sasa pana duka la vioo na fremu za picha. Mtaani bado wanamwita Mama Mapacha.

“Nipeleke,” mama akasema.

Dada Pasi alikataa. Alikataa wiki nzima. Alimwambia mama, maji yakimwagika hayazoleki, unakwenda kumtonesha mtu wa watu kidonda kwa faida ya nani? Mama akamjibu kwamba kama limeshaandikwa na litachapwa, basi Mama Mapacha hapaswi kulikuta kwenye kitabu kama habari za meya na ndimu zake. “Ana haki ya kulisikia kwangu, ningali na mdomo.” Na alipoona bado anakataliwa, akaacha kusomewa. Dada Pasi alipofungua gazeti, mama aligeukia ukutani. Hiyo ndiyo iliyomshinda.

Walikwenda Jumapili asubuhi, kwa teksi mpaka mwanzo wa mtaa, kisha kwa miguu. Mama alimshika mwanawe mkono juu ya kiwiko. Walipofika karibu na duka la vioo akasimama bila kuambiwa. Ardhi pale ina mteremko mdogo. Miguu yake iliukumbuka.

Mama Mapacha alifungua mwenyewe. Mwanamke mnene, mrefu, mvi zimekatwa fupi, ana miaka kama themanini na bado amesimama wima. Alimtazama yule kipofu mlangoni, akatazama tena. “Mke wa fundi baiskeli,” alisema. “Wewe! Tulisema umekufa na wewe.” Akamkumbatia. Dada Pasi anasema hapo ndipo alipotamani ardhi ipasuke, kwa jinsi lile kumbatio lilivyokuwa la kweli. Waliingizwa ndani, wakakalishwa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Mama Mapacha akaanza kuulizia afya, macho, mjomba fulani wa ng’ambo ya reli.

Mama hakungoja. “Dada,” alisema, “yale mashuka niliyafua mimi.”

Mama Mapacha aliketi taratibu. Hakuonekana kushtuka sana. “Nilidhani-dhani,” akasema. “Ulihama upesi mno, maiti hata haijapoa. Na dobi wa gesti ulikuwa wewe. Lakini kisimani tulikuwa tunafulia sote. Ningeweza kupewa mimi furushi lile. Nilijiambia hivyo siku nyingi. Mungu ndiye anayejua kwa nini ulipewa wewe.”

Mama angeweza kuishia hapo. Dada Pasi alimfinya mama mkono, akimaanisha, tosha, tuondoke. Mama akautoa mkono wake.

“Sijamaliza, dada. Wanao walianza kuumwa lini?”

“Alhamisi. Jua linazama.”

“Mimi nilijua Jumatano. Kwa yule fundi cherehani, nilipoinua blanketi. Nilijua ni kisima. Nikanyamaza mpaka Ijumaa.”

Kulikuwa na saa ya ukutani mle ndani, na nje mtu anakata kioo. Ule mlio wa almasi juu ya kioo unaokereza meno. Mama Mapacha alikunja vidole, kimoja kimoja. Alikuwa anahesabu. Kisha akageuza uso, si kwa mama, bali kwa Dada Pasi, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, mwanamke wa miaka hamsini, mikono ya alama.

“Huyu ni yule mtoto?”

“Ndiye.”

“Alhamisi ile, huyu ulimnywesha maji yapi?”

Mama akajibu, “Ya stesheni.”

“Ya stesheni.”

“Ndiyo, dada.”

“Alhamisi asubuhi nilikukuta kisimani,” Mama Mapacha alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. “Nina ndoo mbili. Ukaniuliza watoto wameamkaje. Nikakwambia wameamka wazima.”

Mama alikuwa analia bila sauti, machozi yakitoka kwenye macho yasiyoona. Hakuomba msamaha. Dada Pasi alimuuliza baadaye kwa nini hakuomba, akajibiwa: “Ningemuomba nini, mwanangu? Anipe nini tena?”

Mama Mapacha alinyanyuka, akaenda kufungua mlango, akausimamia. “Nimesikia,” alisema. “Sasa nendeni.” Na walipokuwa wakishuka ngazi mbili za mbele akaongeza, kama mtu anayejisemea, “Miaka yote hii nilijilaumu mimi. Nilisema kwa nini sikuwachemshia.” Mlango ukafungwa.

Laiti ningeweza kukuambia kwamba mama alirudi amepata wepesi. Watu husema ukitua mzigo unapumua. Mama alirudi akalala, na kuamka kwake tangu siku ile kulikuwa nusu. Alikula vijiko vitatu, vinne. Alisomewa tena magazeti, lakini hakutoa hukumu. Miezi minne baadaye kifua kikambana, akalazwa kwetu, wodi ya wanawake, siku tisa. Mashuka yake yalikuja chini kwenye mkokoteni pamoja na ya wengine, na Dada Pasi aliyatambua kwa namba ya kitanda, akayanyoosha mwenyewe. Siku ya kumi hayakuja.

Ni wakati ule ndipo aliponisimulia haya yote, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha maiti tukisubiri karatasi. Nilimwambia, “Dada, unisamehe, lile jina nililipigia kelele mimi.” Akasema, “Ulikuwa hujui.” Kisha akafikiri, akaongeza, “Lakini usilitamke tena.” Sijalitamka mbele ya watu mpaka leo, ila wengine wanalitamka, na sina mdomo wa kuwakataza bila kueleza sababu. Naondoka tu, najifanya naangalia mashine.

Mazishi yalikuwa madogo. Sisi wa chumba cha kufulia, majirani wachache, mwalimu mkuu mstaafu wa ile shule aliyokuwa akifagia. Tulipokaribia kuanza nikaona bibi mmoja mnene, mrefu, amekuja peke yake na fimbo, amesimama mbali chini ya ukuta. Nilimletea kiti. Alikataa kusogea karibu na alikataa chakula. Mambo yalipokwisha Dada Pasi alimwendea, na mimi nilikuwa nyuma yake kwa kuwa nilimshika asianguke, ndiyo maana nilisikia kwa masikio yangu.

“Sikumsamehe,” Mama Mapacha alimwambia. “Nataka ulijue hilo, usije ukajidanganya. Nimekuja tu kwa sababu na yeye alikuja.”

“Ahsante, mama,” Dada Pasi akasema.

“Usinishukuru.” Akamtazama tena kama alivyomtazama siku ile, kuanzia chini kwenda juu. “Una miaka mingapi sasa?”

“Hamsini na moja, mwezi ujao.”

“Wangu wangekuwa na arobaini na sita,” bibi alisema, akageuka na fimbo yake, akaondoka.

Toleo la pili lilitoka mwaka uliofuata. Mzee alitimiza ahadi kwa namna yake. Sura ya nne iko vile vile, Mama Shuka yuko vile vile, na bwana afya bado anapita nyumba hadi nyumba na akili zake. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo zinazohitaji miwani, kuna mistari miwili: kwamba kwa mujibu wa daftari binafsi, dobi alijitokeza mwenyewe, baada ya siku mbili. Sijakutana na mtu aliyeisoma.

Dada Pasi bado yupo kwenye mashine ya kunyoosha. Nyumbani yuko peke yake, na haujamrudia uchangamfu wa kusoma; magazeti anatuletea sisi yakiwa hayajafunguliwa. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi anakwenda ule mtaa wa duka la vioo. Hakuna aliyemtuma. Anabisha hodi, anangoja. Mara mbili mlango ulifunguliwa, akakaa ndani, wakazungumza habari za miguu kuvimba na bei ya mkaa, hakuna aliyegusa la zamani. Mara moja aliulizwa kama anaweza kushona kitambaa cha kochi kilichofumuka, akakishona. Mara nyingine haufunguliwi, ingawa anasikia fimbo ikigonga sakafuni ndani, anasimama kitambo, anarudi zake.

Mwezi uliopita haukufunguliwa.